Somo la 12: Mtoto Aliyevunja Sheria



Kila mtu kijijini anataka kulala salama. Mkulima anataka kuyakuta mahindi yake ghalani. Mfugaji anataka kuhesabu mbuzi jioni, na asubuhi hesabu iwe ile ile. Mwenye duka anataka kufunga mlango usiku na kuukuta umefungwa. Hii ni haki ya kila mmoja wetu.

Lakini mara nyingine anayevunja usalama huo ni mtoto. Huenda ni mtoto wa jirani. Huenda ni mtoto wetu wenyewe. Je, tumfanyeje? Tumpige? Tumfunge? Tumsamehe aende zake?

Katika somo hili tutasoma mambo matatu. Kwanza, tutasoma mfano wa mtoto aliyeiba. Pili, tutaona sheria ya Tanzania Bara inasema nini. Tatu, tutaona kazi ya wazazi na wanakijiji.

1. MAMBO YALIYOTOKEA USIKU MMOJA

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Lakini mambo kama haya hutokea.

Katika kijiji kimoja alikuwapo mama mjane. Alikuwa na duka dogo. Aliuza sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya kula. Kwa duka hilo aliwasomesha watoto wake wanne.

Usiku mmoja wezi walivunja mlango wa duka. Walichukua fedha shilingi 80,000. Walichukua pia sukari na mafuta ya thamani ya shilingi 40,000. Mbwa walibweka, watu wakaamka. Wezi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mtu mzima wa miaka 24. Huyo alikimbia na mali yote. Wa pili alikuwa mvulana. Huyo alikamatwa.

Watu walimtambua mara moja. Alikuwa mjukuu wa bibi mmoja wa kitongoji kile kile. Alikuwa na miaka 14. Mama yake alikuwa amefariki. Baba yake alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, hakurudi. Mvulana aliacha shule akiwa darasa la tano. Mchana alishinda kituo cha mabasi akibeba mizigo. Huko ndiko alikokutana na yule mtu mzima.

Watu walikuwa na hasira. Walianza kumpiga. Mmoja alileta tairi kuukuu. Mwingine alipiga kelele akitaka mafuta ya taa.

Mwenyekiti wa kitongoji alifika akitweta. Alisimama mbele ya mvulana, akasema:

"Ndugu zangu, subirini. Mkimchoma huyu, mali ya mama itarudi?"

"Haitarudi," mtu mmoja alijibu, "lakini hataiba tena."

"Na yule mkubwa aliyekimbia na mali? Nani atatuambia jina lake? Nani atatuambia alikoelekea? Anayejua ni huyu mtoto. Tena sisi tukiua, kesho polisi watatutafuta sisi. Tutakuwa tumetoka kwenye wizi tumeingia kwenye mauaji."

Watu walinyamaza. Kisha mama mwenye duka alisema, "Mwenyekiti, mimi sitaki mtu auawe mlangoni pangu. Lakini nataka haki yangu. Nimeibiwa, nami nina watoto."

"Kweli, mama," mwenyekiti alijibu. "Haki yako ipo. Tutaifuata kwa njia yake."

Mgambo walimchukua mvulana hadi ofisi ya kijiji. Asubuhi alipelekwa kituo cha polisi.

Ndugu msomaji, mwenyekiti huyu alifanya mambo mawili kwa pamoja. Alimlinda mtoto, na pia alikilinda kijiji. Kujichukulia sheria mkononi ni kosa la jinai. Anayeua mwizi ni muuaji mbele ya sheria, hata kama mwizi alikamatwa na mali mkononi.

2. MTOTO NI NANI?

Zamani tulitumia sheria iliyotungwa na wakoloni wa Kiingereza mwaka 1937. Kwa sheria hiyo, kijana wa miaka 16 alihesabiwa mahakamani kama mtu mzima.

Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Mkataba huo unasema kwamba kumfungia mtoto kuwe hatua ya mwisho, na kuwe kwa muda mfupi iwezekanavyo.

Mwaka 2009 Bunge lilitunga Sheria ya Mtoto. Sheria hiyo inasema kwamba mtoto ni mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka 18. (Zanzibar ina Sheria ya Mtoto yake, ya mwaka 2011. Somo hili linahusu Tanzania Bara.)

Umri una maana kubwa katika mambo ya jinai:

(a) Mtoto chini ya miaka 10 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Wazazi ndio wenye kazi ya kumrudi na kumfundisha.

(b) Mtoto mwenye miaka 10 au 11 hahesabiwi kuwa na hatia, mpaka ithibitishwe kwamba alijua kuwa jambo lile halifai kutendwa.

(c) Mtoto mwenye miaka 12 hadi 17 anaweza kushtakiwa, lakini kwa taratibu za watoto.

Sasa turudi kwenye mfano wetu. Mvulana yule alikuwa na kimo kirefu. Kituoni, askari aliyemwandika alidhani ana miaka 19. Kama angeandikwa hivyo, angepelekwa gerezani pamoja na watu wazima kungoja kesi. Bibi yake alikuwa amehifadhi kadi ya kliniki ndani ya sanduku. Aliileta. Askari alisoma tarehe ya kuzaliwa, akasahihisha.

Karatasi ile moja ilibadili njia yote ya mtoto. Kwa hiyo, andikisha mtoto wako apate cheti cha kuzaliwa. Kihifadhi mahali pakavu. Hifadhi pia kadi ya kliniki. Makosa ya umri yametokea mara nyingi. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilitoa taarifa ya ukaguzi wake. Tume ilikuta watoto wakishikiliwa katika magereza ya watu wazima.

3. KITUO CHA POLISI

Katika vituo vingi vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Askari wa dawati hilo wamefundishwa kushughulikia mambo ya watoto. Uliza lilipo.

Mtoto akikamatwa, sheria inataka mambo haya:

- Mzazi au mlezi aambiwe.
- Mtoto asichanganywe na watu wazima katika chumba cha mahabusu.
- Mtoto aachiwe kwa dhamana ya mzazi au mlezi, isipokuwa kuna sababu kubwa ya kukataa.

Sababu kubwa ni zipi? Ya kwanza, kama kosa ni kuua mtu, au ni kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka saba. Ya pili, kama mtoto akiachiwa atarudi kwa watu wabaya watakaomharibu zaidi. Ya tatu, kama kumwachia kutaharibu haki, kwa mfano akiweza kuwatisha mashahidi.

Hapo unaona mizani ya sheria. Upande mmoja umewekwa mtoto. Upande wa pili umewekwa usalama wa watu. Sheria haisemi kwamba kila mtoto aachiwe. Wala haisemi kwamba kila mtoto afungiwe. Inasema kila jambo lipimwe.

Mtoto asiyeweza kuachiwa huwekwa katika mahabusu ya watoto. Mahabusu hizo zipo, kwa mfano, Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya. Ni nyumba za kungojea kesi. Si magereza.

Mvulana wetu alishtakiwa kwa kuvunja duka na kuiba. Hilo ni kosa kubwa. Hivyo hakuachiwa kituoni. Alipelekwa mahakamani, na huko mahakama ilimwachia kwa dhamana ya bibi yake. Alipewa masharti mawili: asiende kituo cha mabasi, na asilikaribie duka la mama yule.

4. MAHAKAMA YA WATOTO

Mahakama ya Watoto si kama mahakama nyingine. Watu hawaingii kusikiliza kesi. Wanaoingia ni wale wanaohusika tu. Mzazi au mlezi huwapo. Afisa ustawi wa jamii huwapo. Mtoto hupewa nafasi ya kueleza. Maneno husemwa kwa lugha anayoielewa. Dar es Salaam kuna Mahakama ya Watoto pale Kisutu. Mahali pengi, mahakama za kawaida huketi kama Mahakama ya Watoto.

Kabla ya uamuzi, afisa ustawi wa jamii hufika nyumbani kwa mtoto. Huuliza: Anaishi na nani? Anakula nini? Aliacha shule kwa nini? Rafiki zake ni akina nani? Kisha huandika taarifa na kuipeleka mahakamani. Afisa akifika kwako, mwambie kweli. Usimfiche mabaya ya mtoto, wala usimnyime mazuri yake.

Kumbuka jambo hili: chini ya Sheria ya Mtoto, mtoto hahukumiwi kifungo cha gerezani. Basi mahakama inaweza kufanya nini? Inaweza:

- kumwachia kwa masharti ya kuwa na mwenendo mwema;
- kumweka chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii;
- kumkabidhi kwa mtu anayefaa au kituo kinachofaa kumlea;
- kuamuru fidia ilipwe, na mara nyingine ilipwe na mzazi aliyemtelekeza mtoto;
- kumpeleka shule ya maadilisho, kama kosa ni zito na njia nyingine hazifai.

Shule ya maadilisho ni mahali ambapo mtoto hukaa chini ya ulinzi, akisoma na kujifunza kazi za mikono. Iko moja Irambo, mkoani Mbeya. Mtoto huondolewa kijijini, na watu hupata nafasi ya kupumua. Naye hujifunza jambo la kumsaidia siku atakaporudi.

Iko pia njia ya kumrekebisha mtoto akiwa nyumbani. Katika miaka ya 2010 mpango wa namna hiyo ulianzishwa Temeke, Dar es Salaam, na pia Mbeya. Mtoto hulala kwao, lakini hufika mahali maalumu kufundishwa na kushauriwa. Wazazi nao hushauriwa.

5. KWA NINI TUSIMFUNGE NA WATU WAZIMA?

Baadhi ya watu husema, "Sheria hii inawabembeleza wezi." Maneno haya hutoka kwa watu walioumizwa. Tusiyadharau. Tuyafikiri.

Mtoto aliyefungwa leo atatoka siku moja. Hilo ni la hakika. Atarudi kijijini kwetu. Swali ni hili: atarudi akiwa nani?

Akilala chumba kimoja na wanyang'anyi kwa miaka mitatu, atafundishwa unyang'anyi. Atakuwa amepoteza shule. Atakuwa hana kazi. Wakubwa wanaweza kumtesa na kumdhulumu mwili wake. Atarudi akiwa na nguvu zaidi, hasira zaidi, na ujuzi mbaya zaidi. Hapo kijiji hakitakuwa salama. Kijiji kitakuwa kimemlipia mwizi masomo.

Lakini pia, mtoto akisamehewa bila kufanywa lolote, hajifunzi. Ataona kwamba kuiba hakuna gharama. Wenzake nao wataona hivyo. Na aliyeibiwa ataona kwamba serikali imemsahau. Siku nyingine hatakwenda polisi. Ataita watu wenye marungu.

Kwa hiyo, kumrekebisha mtoto na kulinda watu si kazi mbili zinazopingana. Mtoto akirekebika, ulinzi umepatikana. Wazee walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Mtoto wa miaka 14 angali mbichi. Lakini kumkunja samaki ni kazi. Hakunjiki mwenyewe.

Tena yako makosa ambayo yanataka ulinzi mkali zaidi. Mtoto aliyeua, aliyebaka, au anayejeruhi watu mara kwa mara, hawezi kurudi nyumbani kesho yake kama vile hapana kitu. Lazima awekwe mahali pa ulinzi, huku akifundishwa. Na kesi ya ubakaji isimalizwe nyumbani kwa mbuzi au kwa fedha. Aliyetendewa naye mara nyingi ni mtoto. Naye ana haki ya kulindwa.

6. MWISHO WA MFANO WETU

Mvulana alikiri kosa. Alitaja jina la mtu mzima aliyekuwa naye. Polisi walimkamata mtu yule katika kijiji cha pili, naye akashtakiwa kama mtu mzima.

Afisa ustawi wa jamii alimtafuta baba ya mvulana kwa simu, akampata. Mahakama iliamuru hivi: mvulana aachiwe kwa masharti, awe chini ya uangalizi kwa miaka miwili, na arudi shule. Baba aliamriwa kulipa fidia ya shilingi 120,000, kwa mafungu ya shilingi 10,000 kila mwezi.

Siku ile, mama mwenye duka alipewa nafasi ya kusema. Alimwambia mvulana, "Mwanangu, ile sukari ilikuwa ada ya shule. Binti yangu alirudishwa nyumbani wiki mbili kwa sababu yako." Mvulana aliinamisha kichwa, akalia. Alikuwa anasikia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

Mwaka wa kwanza haukuwa mwepesi. Mara mbili mvulana alitoroka shule. Mara zote mbili mwalimu alimpigia simu afisa, na mwenyekiti alikwenda kumtafuta. Watoto wengine walimwita mwizi. Fundi seremala mmoja alikubali kumfundisha kazi siku za Jumamosi. Sasa anaweza kutengeneza kigoda.

Mama mwenye duka bado anafunga mlango kwa kufuli mbili. Hajasahau. Lakini fedha yake inarudi kila mwezi, na mvulana akipita humsalimu, "Shikamoo, mama." Naye hujibu, "Marahaba."

7. KAZI YETU

Mzazi au mlezi: Jua mtoto wako anashinda wapi na anarudi saa ngapi. Akileta kitu ambacho hukumnunulia, uliza kimetoka wapi. Usikipokee kwa kunyamaza. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Jirani: Ukimwona mtoto mdogo kituo cha mabasi saa za shule, sema na mlezi wake. Usingoje avunje duka.

Kiongozi wa kitongoji: Mtoto akikamatwa, zuia kipigo kwanza. Kisha peleka habari polisi na kwa afisa ustawi wa jamii. Msikilize pia aliyeibiwa, na umweleze kesi imefika wapi.

Sote: Mtoto aliyemaliza adhabu yake asiitwe mwizi maisha yake yote. Mpe kazi. Mpe salamu. Na macho yako yabaki wazi.

Ukihitaji msaada, mwone afisa ustawi wa jamii wa wilaya au msaidizi wa kisheria aliye karibu. Unaweza pia kupiga simu namba 116 kwa habari za mtoto aliye hatarini. Simu hiyo hailipiwi.

MANENO YA KUJIFUNZA

Jinai – kosa ambalo serikali humshtaki mtu kwalo.
Dhamana – ahadi ya kumleta mshtakiwa siku ya kesi, ili aachiwe kwa sasa.
Fidia – malipo kwa mtu aliyepata hasara.
Uangalizi – kutazamwa na kuongozwa kwa muda fulani.
Maadilisho – mafunzo ya kumrudisha mtu kwenye tabia njema.

MASWALI

1. Mwenyekiti aliwaambia watu maneno gani yaliyowatuliza?
2. Mtoto chini ya miaka mingapi hawezi kushtakiwa kwa jinai?
3. Kadi ya kliniki ilimsaidiaje mvulana?
4. Taja sababu tatu zinazoweza kumfanya polisi akatae kumwachia mtoto kwa dhamana.
5. Hesabu: Baba analipa shilingi 10,000 kila mwezi. Fidia yote ni shilingi 120,000. Baada ya miezi 7 atakuwa amebakiza shilingi ngapi?

JADILIANENI DARASANI

6. Kama ungekuwa mama mwenye duka, ungeridhika na uamuzi wa mahakama? Eleza kwa nini.
7. Tuseme mvulana yule angemjeruhi mama kwa panga. Je, uamuzi ungekuwa ule ule? Kila mmoja atoe maoni yake, na wengine wamsikilize.

KAZI YA NYUMBANI

Tafuta cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki ya kila mtoto wa nyumbani mwako. Andika katika daftari lako jina la mtoto, tarehe aliyozaliwa, na mahali karatasi ilipohifadhiwa. Kama mtoto hana cheti, andika hivyo pia, kisha ulete daftari darasani. Mwalimu atakueleza pa kwenda.